Sekunde Tatu za Mwalimu

Kwa mtu mzima swali lenyewe ni jepesi: kati ya theluthi na robo, ipi kubwa? Mwalimu aliliandika ubaoni, akapangusa chaki vidoleni, akamtazama msichana wa dawati la tatu upande wa dirisha. Msichana akasimama. "Robo, Mwalimu." Kwa nini robo? "Kwa sababu nne inashinda tatu." Papo hapo mikono ikachipuka chumba kizima, vidole vikialika, sauti zikipandana, "Mwalimu! Mimi, Mwalimu!" kama makanga wa steji wakigombea abiria wa mwisho.

Mwalimu hakusema amekosea. Hakumruhusu mwingine amsaidie. Aliinua kiganja mpaka kelele zikashuka, kisha akauliza upya, safari hii kwa Kiswahili cha plotini: "Maji yamepotea. Mmepata mtungi mmoja tu. Mkiugawana nyumba tatu, na mkiugawana nyumba nne, ni lini mama atapata maji mengi?" Baada ya hapo akafunga mdomo.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye benchi fupi, mgeni wa Gredi ya 4 katika shule moja hapa Njiru. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Katika chumba cha mabati, jua likishawaka, sekunde nne hazipiti upesi. Mwalimu hakuguna, hakugonga meza, hakutazama saa. Macho yake yalibaki kwa msichana yule, yametulia, kama ya mtu anayejua kwamba anachokingoja kiko njiani.

Msichana akatazama ubao, akatazama viganja vyake. "Nyumba tatu," akasema taratibu. Akanyamaza tena, halafu, bila mtu kumuuliza: "Kumbe theluthi ndiyo kubwa. Nne ni watu wanaogawana."

Nne ni watu wanaogawana. Nimesoma vitabu vya hesabu vinavyoieleza asili ya sehemu kwa ukurasa mzima bila kufika hapo.

Mfano wa mtungi ulikuwa mzuri, na nitausifu. Mtungi wa lita 20 hauhitaji kuelezwa kwa mtoto wa huku. Kando ya Barabara ya Kangundo, ambako magorofa yanaota kwa kasi kuliko mabomba, watoto hubeba mtungi, husukuma mkokoteni wa mitungi, hujua bei yake siku za kawaida na bei yake mfereji ukikauka. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wachuuzi wa mji wa Recife, Brazili. Wakiwa kazini, wakiuza nazi na kurudisha chenji, watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa. Hesabu hizohizo zilipoletwa kwenye karatasi, bila nazi wala mnunuzi, wakapata asilimia 37. Hesabu walikuwa wanaijua. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwamba ya barabarani na ya daftari ni moja.

Lakini kilichonishika zaidi siku ile ni unyamavu, kuliko mtungi. Nami nina sababu. Nilishika chaki miaka michache kabla ya kuhamia kalamu, na nilikuwa mwalimu wa kuuliza na kujijibu. Nikishauliza, ule utulivu ulinitisha kama deni. Nikaukimbilia kwa dokezo, kwa jina la mtoto mwingine, kwa jibu lenyewe. Baadaye sana nilisoma kazi ya Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyesikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970, akipima jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilipima: mwalimu akishauliza, anangoja muda gani? Kwa kawaida, kama sekunde moja. Walimu walipozoeshwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, watoto wakaanza kuulizana wao kwa wao, na wale waliokuwa wamehesabiwa kuwa wazito wakainua mikono. Kitabu hakikubadilishwa wala vifaa havikuongezwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mimi kwa pupa yangu niliwanyima watoto wengi utamu wa kufika wenyewe.

Kungoja, hata hivyo, hakutoshi. Mwalimu angenyamaza baada ya swali lake la kwanza, msichana angebaki na robo yake mpaka kengele ilie. Ufundi ulikuwa katika kulisikia kosa. "Nne inashinda tatu" ni habari kamili: humwambia mwenye masikio kwamba mtoto anaisoma sehemu kana kwamba ni nambari nzima, na kwamba kinachokosekana ni kitu kimoja tu, tendo la kugawana. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Umoja wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alisema kwamba kati ya analoweza mtoto peke yake na analoweza akishikwa mkono kuna nafasi, na kwamba mafundisho yenye faida hufanyika katika nafasi hiyo. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada huo na miti na mbao anazofunga fundi wa ujenzi ili afikie ukuta. Sisi wa Njiru, tunaoishi kati ya machimbo ya mawe na majengo yasiyoisha, hatuhitaji kuchorewa picha hiyo. Kila fundi anajua kwamba mbao ikifungwa chini sana haisaidii, ikifungwa juu sana haipandiki, na kwamba jengo likisimama miti yote inang'olewa. Swali la mtungi lilifungwa mahali pake. Dakika kumi baadaye, kwa sehemu ya sita na ya nane, msichana alijibu bila mtungi.

Utulivu wa darasani niliujua pia nikiwa mtoto, ila wa aina nyingine. Katika shule niliyosomea, mwalimu mmoja aliuliza akiwa na kiboko mkononi, na jibu likichelewa kiboko hakikuchelewa. Tulinyamaza vizuri mno. Siku moja nilisimamishwa kwa saba mara nane, hesabu niliyokuwa nimeijibu nyumbani usiku uliotangulia, na kichwani hapakubaki kitu ila sauti ya viatu vyake vikinikaribia. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na ilifanya haki. Mtoto anayelinda mwili wake hana nafasi ya kufikiri.

Wapo wanaodhani kwamba kiboko kikiondoka lazima peremende ishike zamu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwaahidi cheti watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakawapa walipochora. Wiki moja au mbili baadaye, cheti kikiwa hakipo tena, watoto hao waligusa kalamu za rangi kwa takriban nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Sichukii nyota nyekundu kwenye daftari. Mtoto anayerudi nayo mbio kuionyesha nyumbani ana furaha ya kweli. Ila mwalimu wa siku ile hakutoa nyota, na wala hakusema "una akili". Alisema, "Umerudi ukaangalia tena." Msichana akaketi akiwa ameambiwa ni kitendo gani kilichomfikisha, kitendo anachoweza kukirudia kesho.

Sasa nilete hesabu yangu mwenyewe. Kipindi cha Gredi ya 4 ni dakika 35, yaani sekunde 2,100. Siku ile nilihesabu vichwa 70. Kila mtoto, tukigawa sawasawa, ana sekunde 30 za mwalimu wake kwa kipindi kizima, na kumngojea mmoja kwa sekunde tatu ni kutumia sehemu moja ya kumi ya fungu lake. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto waliingia kwa maelfu, na nilishangilia kama wengine, bado nashangilia. Mtaala wa umilisi ulipoanza mwaka 2019, ukaja na ahadi ya kumtazama kila mtoto kwa uwezo wake, ahadi ninayoiamini. Lakini chumba ni kilekile, na mwalimu ni yuleyule mmoja. Mtu anayeweza kungoja mbele ya watoto 70 waliopiga ukelele, huku silabasi ikimvuta shati, anafanya kazi ya ufundi mkubwa kuliko nyingi tunazozipigia makofi.

Ndugu mzazi, siku ya mkutano wa shule usiulize tu mtoto amepata alama ngapi. Uliza darasa lina watoto wangapi na lina walimu wangapi, na jibu ukilipata lipeleke kwa mwakilishi wa wadi na kwa mbunge, na usichoke kulirudia. Na jioni ya leo, mtoto akifungua daftari mezani, muulize swali moja, kisha hesabu moyoni mpaka tatu kabla ya kufungua mdomo.