Akagera: uzio kwanza, simba baadaye

Picha zilizosambaa mwaka 2015 zilionyesha simba 7 wakiwasili Hifadhi ya Taifa ya Akagera, mashariki mwa Rwanda. Kwa maoni yangu, sehemu ngumu ya kazi ilikuwa imekwisha tangu 2013, pale uzio ulipokamilika.

Tazama simba wa mwanzo walivyotoweka. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, wakimbizi waliorejea walihitaji ardhi na malisho. Mwaka 1997 hifadhi ikamegwa, ikabaki chini ya nusu ya eneo lake. Simba wakala ng'ombe, wafugaji wakatia sumu kwenye mizoga. Kuleta simba wengine katika hali hiyo kungekuwa kuwaleta wafe. Ndiyo maana shirika la African Parks, lililoingia ubia na serikali mwaka 2010, lilianza na uzio wa umeme wa jua, kilomita 120, upande wa magharibi waliko wafugaji. Mashariki kuna maziwa na vinamasi vya mpaka wa Tanzania.

Simba wenyewe, kutoka Afrika Kusini, waliwekwa kwanza bomani. Simba aliyehamishwa akiachiwa papo hapo huweza kushika njia kutafuta alikotoka. Tena hawa walitoka hifadhi mbili, wakahitaji muda wa kuzoeana.

Faru weusi 18 walifuata mwaka 2017, miaka 10 baada ya faru wa mwisho kuonekana Akagera. Nao walitoka Afrika Kusini, lakini ni faru wa Afrika Mashariki kwa nasaba: wazazi wa ukoo wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapo ndipo ninapowavulia kofia waliopanga. Watano wengine walioletwa 2019 walizaliwa kwenye bustani za wanyama Ulaya, na hawakuwahi kuumwa na mbung'o; nao ilibidi wazoeshwe hatua kwa hatua.

Mwaka 2021 walikuja faru weupe 30 kwa ndege. Naelewa sababu: ujangili Afrika Kusini ni mkali, na kuwatawanya faru kunapunguza hatari. Ila faru mweupe wa kusini hakuwa mnyama wa Rwanda. Faru mweusi hula matawi ya vichaka, mweupe hufyeka nyasi, na nyasi za Akagera tayari zina nyati, pundamilia, nyamera na viboko.