Uboho, Uloto na Ubongo: Maneno ya Kibantu Yaliyonyimwa Historia Kamusini

Kamusi za Kiswahili za lugha moja, zikiwamo Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kamusi Kuu ya Kiswahili (2015), zina desturi ya kuonyesha asili ya neno pale linapokuwa limekopwa. Msomaji anayetafuta damu huambiwa kuwa ni neno la Kiarabu. Akitafuta uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu hiyo, haambiwi chochote kuhusu lilikotoka. Ukimya huo huzoeleka na kuchukuliwa kuwa ni jibu: neno ni la Kibantu, basi yatosha. Hayatoshi, na ubongo ni ushahidi mzuri.

Katika Kiganda ubongo ni obwongo. Katika Kishona mwongo ni uboho, na katika Kizulu umongo ni uboho na pia kiini cha jambo. Viambishi vikiondolewa, kinachobaki katika lugha zote tatu ni mzizi mmoja, -ongo. Tofauti imo katika ngeli: ngeli ya 14 imebeba kilichomo kichwani, ngeli ya 3 kilichomo mfupani. Kwa hiyo, msamiati wa zamani wa Kiswahili unapoipa ubongo maana ya uboho pia, haifai kudhani kwamba mkusanyaji mgeni alisikia vibaya. Maana hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Umbo la Kiswahili lenyewe lina jambo la kuchunguzwa. Kiambishi *bu- cha kale kimekuwa u- (uzito, Kiganda obuzito), na mbele ya irabu w- (wingi). Kwa kanuni hiyo mtu angetarajia *wongo, umbo lililo karibu mno na uwongo wa kusema yasiyo kweli. Tulichonacho ni ubongo. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba b ya kiambishi cha kale iliganda katika mzizi, kisha u- ikaongezwa upya. Kama mgongano na uwongo ulichangia, hilo ni dhana ya kuvutia tu. Sauti peke yake haiwezi kulithibitisha.

Uhusiano huu wa maana si wa Kibantu pekee. Neno la Kiingereza marrow, kwa Kiingereza cha kale mearg, lina asili moja na mozg la Kirusi, ambalo ni ubongo, na majjan la Kisanskriti, ambalo ni uboho. Maghz la Kiajemi hubeba maana zote mbili, pamoja na kiini cha kokwa. (Waingereza wameliita hata aina ya boga kwa jina hilo, kwa ulaini wa nyama yake.) Mukhkh la Kiarabu nalo ni ubongo na ni uboho. Watu wasio na nasaba ya lugha walitazama kitu laini, chenye mafuta, kilichofungiwa ndani ya mfupa, wakakipa jina moja popote kilipo, iwe fuvuni au pajani.

Kiswahili cha leo kimezitenganisha maana hizo, lakini jina la kitu cha mfupani halijatulia. Katika Waebrania 4:12, Biblia ya Union Version (1952) haikulitaja kwa jina. Ilitumia maelezo, kwamba ni mafuta yaliyo ndani ya viungo. Uroto na uloto hupishana. Hospitali za Tanzania zinazowapandikizia wagonjwa wa selimundu huzungumzia uloto, huku uboho likiendelea katika maandishi mengine. Mzazi anayetakiwa kuridhia mwanawe apandikizwe anaweza kukutana na maneno mawili kwa kitu kimoja, na akiyafungua katika kamusi inayofasili neno moja kwa kutaja lingine, atarudi alikoanzia. Fasili yenye msaada ingeeleza kazi ya kitu hicho, ieneo lipi hutumia umbo lipi, na kwa nini wazee wangeweza kuliita ubongo bila kukosea. Taarifa hiyo ya mwisho haipatikani bila etimolojia, na malighafi yake imo katika lugha jirani ambazo wahariri wa kamusi na wanafunzi wao huzizungumza nyumbani.