Kutembezwa katika Jangwa la Hoggar

Aljeria ndiyo nchi kubwa kupita zote za Afrika tangu Sudani ilipogawanyika mwaka 2011. Kongo yetu inaifuata. Zaidi ya sehemu nne kati ya tano za nchi hiyo ni jangwa la Sahara, nao wageni wanaokwenda kulitazama ni wachache. Mwaka 2003 watalii 32 wa Ulaya walikamatwa huko na watu wenye silaha, mmoja wao akafa kwa joto, na kwa miaka mingi njia zikawa kama zimefungwa. Sasa zinafunguliwa polepole. Tangu 2023, mgeni anayepitia kampuni ya safari iliyokubaliwa na serikali hupewa viza akifika. Lakini peke yake haendi: ni lazima awe na kiongozi, na mara nyingi askari humsindikiza.

Safari hizo zina karatasi zake, ambamo kampuni inaeleza siku kwa siku mgeni ataonyeshwa nini. Tumesoma kadhaa za upande wa Hoggar, kusini kabisa, pamoja na habari za watu waliokwenda wakarudi, na tunataka kuzipima hapa kama tunavyopima kitabu. Mtu atauliza: mnapimaje safari msiyoifanya? Tunajibu kwamba karatasi ni maneno, na maneno hupimwa. Tena nchi ile inatuhusu kuliko inavyoonekana. Mapadri Weupe walioleta Injili kwenye ziwa Tanganyika walitumwa kutoka Alger, ambako Askofu Mkuu Lavigerie alianzisha shirika lao mwaka 1868. Mapadri watatu wa shirika hilo waliuawa mwaka 1876 walipojaribu kuvuka Sahara, na wengine watatu mwaka 1881. Ile kanzu nyeupe ambayo wazee wetu waliiona siku ya ubatizo wao ilikuwa vazi la watu wa Aljeria.

Basi, njia za safari hizi karibu zote zinafanana. Wageni wanafika Tamanrasset kwa ndege. Motokari zinapakiwa maji, unga, kuni na mahema. Wanapelekwa Abalessa kuona kaburi la Tin Hinan, malkia ambaye Watuareg wanamwita mama yao. Wanapelekwa Afilal, ambako maji yanakaa katikati ya mawe mwaka mzima. Halafu wanapanda Assekrem, kama kilomita 80 kutoka mjini, juu mita 2,700 hivi, walale pale ili waone jua likizama na likichomoza juu ya vilele vya mawe meusi. Jioni Mtuareg anaoka mkate wa taguella ndani ya mchanga wa moto, kisha anamimina chai mara tatu, maana kuondoka kabla ya bilauri ya tatu ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Wenye siku nyingi na fedha nyingi wanaendelea mashariki hadi Djanet, kutazama picha ambazo watu wa kale walichora kwenye mawe ya Tassili.

Mazuri tuyataje kwanza, maana yapo. Karibu na Djanet kuna mwamba uliochongwa ng'ombe, na chini ya macho yao kuna tone la chozi. Wenyeji wanasimulia kwamba ng'ombe hao wanalia kwa sababu maji yameondoka. Hapo mgeni anafundishwa jambo kubwa bila hotuba ndefu: Sahara ilikuwa na majani, na wafugaji, hata na viboko, na ukame ulipokuja uliwakuta watu katika kazi zao. Wageni wanakatazwa pia kuzigusa picha au kuzimwagia maji, na sababu ipo. Mfaransa Henri Lhote, aliyezinakili pamoja na wenzake mwaka 1956 na 1957, alizilowesha ili rangi zionekane vizuri, na nyingine zikaharibika. Kwa ajili ya saa ile moja mbele ya mwamba wa ng'ombe, tunamsifu aliyepanga safari.

Abalessa sifa yetu inapungua. Kaburi lile ni tupu. Mifupa ilifukuliwa na wageni mwaka 1925, ikapelekwa Alger, nayo imewekwa katika makumbusho ya Bardo. Karatasi zinasema mgeni ataona kaburi la malkia, basi, zinanyamaza. Hapo ndipo tulipoanza kuzisoma mara ya pili, tukitafuta mengine yaliyonyamaziwa.

Neno linalorudi katika karatasi zote tulizosoma ni utupu. Nchi tupu, kimya kitupu, mahali pasipo mtu. Kwa maoni yetu kosa lote la safari hizi limelala ndani ya neno hilo. Tamanrasset ni mji wa maelfu mengi ya watu. Maji wanayokunywa, na ambayo wageni wanapakia kwenye motokari, tangu mwaka 2011 yanatoka In Salah kwa bomba la kilomita 750 hivi. Bustani za zamani za Hoggar zililimwa na watu weusi wanaoitwa Haratini, pamoja na watumwa wa Watuareg wakubwa. Wajukuu wao wako mjini hata leo. Ni nani anaweza kuiita nchi hiyo tupu, isipokuwa mtu asiyeuliza ni nani aliyemtekea maji?

Juu ya Assekrem kuna kibanda cha mawe cha Charles de Foucauld, ambaye Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Wageni wanaingia, wanainamisha kichwa kwa sababu dari ni chini, wanapiga picha. Wanaambiwa kwamba alipanda pale ili akae mbali na watu. Habari yenyewe ni kinyume chake. Alijenga Assekrem kwa sababu njia za wafugaji zilikutana upande ule, naye alitaka kuwa karibu nao.

Yafaa tukumbuke kwamba Foucauld alianza yeye mwenyewe kama msafiri wa kutazama. Mwaka 1883 na 1884, akiwa ametoka jeshini na hasali tena, alipita katikati ya Maroko, nchi iliyokuwa imefungwa kwa Wazungu, akivaa kama rabi wa Wayahudi na kuongozwa na rabi wa kweli, Mardochée Aby Serour, aliyelipwa kwa kazi hiyo. Alipima milima, akachora mito, akatoa kitabu mwaka 1888, wakubwa wa Paris wakampongeza. Alipofika Tamanrasset mwaka 1905 alikuwa padri, na hakuja kupita. Alikaa miaka 11. Alijifunza lugha ya Watuareg, akaandika maneno yao, mashairi yao na hadithi zao. Kamusi yake ni vitabu 4 vikubwa, vilivyochapishwa mwaka 1951 na 1952, wakati yeye alikuwa amekwisha kufa zamani. Katekista yeyote aliyejaribu kutia sala moja katika lugha ya kijiji anajua kazi hiyo ni kitu gani: unakaa na bibi mmoja mzee tangu asubuhi mpaka mchana, naye anacheka, na jioni umepata maneno mawili.

Tena kuna habari ya mwaka 1908, ambayo kwetu ingetosha peke yake kumfikisha mtu Hoggar. Ilikuwa wakati wa ukame na njaa. Padri aliugua sana, hakuweza hata kusimama, na Watuareg, ambao ni Waislamu na ambao hakumbatiza hata mmoja wao mwaka ule, walizunguka mbali kutafuta mbuzi waliokuwa bado na maziwa kidogo, wakamnywesha, akapona. Aliyekuja kutoa akajifunza kupokea. Katika karatasi hatukuikuta hadithi hiyo. Tulikuta jua likizama.

Hatukukuta pia mambo magumu yanayomhusu. Foucauld alikuwa Mfaransa wa siku zake, rafiki wa maafisa waliotawala jangwa, akiwaandikia barua za habari za nchi. Na ngome aliyoijenga Tamanrasset ilikuwa na bunduki ndani. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, wakati vita vya Ulaya vilipofika hata huko. Shahidi wa usiku ule alikuwa Paul Embarek, mtu mweusi aliyekombolewa utumwani. Ni kwa njia yake tunajua namna padri alivyokufa, na jina lake halimo katika karatasi hata moja. Hatuoni kwamba mtakatifu anapunguzwa na habari hizi. Kanisa lilizijua zote kabla ya kumtangaza.

Sasa tufike kwenye kimya kilicho kizito zaidi. Wanaokwenda milima ya Tefedest, kaskazini ya Tamanrasset, wanafuata barabara ya In Salah. Baada ya kilomita 150 hivi wanapita In Ekker, chini ya mlima uitwao Taourirt Tan Afella. Ndani ya mlima huo Wafaransa walilipua mabomu ya atomu 13, tangu 1961 hadi 1966, maana mapatano ya Evian yaliwaruhusu kuendelea hata baada ya Aljeria kupata uhuru mwaka 1962. Tarehe 1 Mei 1962 mlipuko mmoja haukukaa ndani: wingu la sumu lilitoka, na mawaziri wawili wa Ufaransa waliokuja kutazama wakakimbia pamoja na askari. Wao walikuwa na motokari na watu wa kuwaosha. Wafanyakazi wenyeji na wafugaji wa upande ule walibaki na mifugo yao, na mpaka leo mavumbi ya mlima huo ni ya kuogopwa. Karatasi moja tuliyosoma inasifu rangi nzuri za mawe ya barabara hiyo.

Msomaji wa Katanga ataelewa upesi kwa nini hatukuweza kupita hapo haraka. Madini ya urani ya Shinkolobwe yalitiwa katika bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na watu waliokaa karibu na shimo hilo waliishi miaka bila kuambiwa kitu gani kilitoka chini ya miguu yao. Sisi tunajua mlima unavyoweza kuwa maarufu huko ng'ambo na kunyamaziwa nyumbani.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni la leo. Katika Tamanrasset kuna wasafiri wa namna nyingine, wasio na karatasi za rangi. Ni vijana wa Niger, Mali, Guinea, Kameruni. Na wana wa Kongo nao wamepita njia hiyo. Wanajenga nyumba za watu, wanafua, wanalima, wakitafuta nauli ya kwenda mbele. Wanapokamatwa wanapakiwa makamyo mpaka mpakani, wanateremshwa jangwani, na kutoka hapo wanatembea kilomita 15 hivi hadi Assamaka, kijiji cha Niger. Wale wanaowapokea walihesabu zaidi ya watu 30,000 kwa mwaka 2024 peke yake. Na wengine hawafiki. Mwaka 2013, mwezi wa Oktoba, zilipatikana maiti za watu 92 katika mchanga wa Niger, wengi wao wakina mama na watoto, waliokufa kwa kiu wakielekea Aljeria baada ya kamyo zao kuharibika.

Kiswahili chetu kina neno moja, mgeni, kwa yule anayetembezwa na kwa huyu anayetembea, na Bwana wetu katika Matayo sura ya 25 alijiita kwa neno hilo bila kueleza ni wa namna gani. Katika jangwa moja, mgeni wa kwanza anasindikizwa na askari ili asipotee, na wa pili anasindikizwa na askari mpaka mahali pa kupotea. Hatusemi watalii wamefanya dhambi kwa kupanda mlima. Tunasema kwamba safari inayowapitisha siku 10 katika nchi hiyo, na kuwarudisha wakiamini kwamba haikuwa na mtu, imewauzia uongo kwa bei kubwa.

Kiongozi Mtuareg hatumlaumu. Yeye ana watoto wa kulisha, kibali chake kinaweza kuondolewa, na askari anasikia kila neno. Tena wageni hawamwulizi. Tunamlaumu anayeandika karatasi, ambaye anakaa mbali na haogopi kitu. Mwaka 1902, Foucauld alipoona utumwa huko Béni Abbès na wakubwa wanaufumbia macho, aliandika barua akikumbuka mbwa bubu wa nabii Isaya, wale wasioweza kubweka.

Mabadiliko tunayoyataka si mengi, na hayaongezi hata lita moja ya mafuta. Mgeni akae siku moja Tamanrasset mjini kabla ya kupelekwa milimani, na akiwa mkristu asali pamoja na kanisa dogo la hapo, lililo chini ya askofu wa Laghouat. Asimuliwe habari ya maziwa ya mbuzi. Na In Ekker kiongozi apewe ruhusa ya kusimamisha motokari, mbali na mlima kwa sababu ya mavumbi, aeleze hapo barabarani kilichotokea mwaka 1962. Robo saa inatosha, kisha waendelee Tefedest kabla ya giza.