Walezi wa Bweni katika Baridi ya Ufipa

Miongoni mwa kazi za shule zinazostahili pongezi nyingi kuliko zinazopewa ni ile ya matroni na patroni, yaani walezi wanaosimamia maisha ya wanafunzi bwenini, ambao katika uwanda wa juu wa Ufipa, ikiwemo kata ya Izia mjini Sumbawanga, hukabiliana na baridi ya Juni na Julai pamoja na upweke wa mtoto aliyetoka kijiji cha mbali. Mlezi hodari hutambua, mara nyingi kabla ya mwalimu wa darasa, nani ameacha kula. Tangu Novemba 2021, serikali ya Tanzania iliporuhusu wasichana waliojifungua kurejea shuleni, kazi hiyo imeongezeka uzito, kwani msichana anayerejea huhitaji mtu wa kumpokea, kumtafutia mwenzake wa kusoma naye na kuzima minong'ono.