Matuta ya Ncha ya Kidole

Kipeleke kidole gumba chako kwenye mwanga wa dirisha, ukitazame taratibu. Utaona matuta, kila moja lina upana wa nusu milimita hivi, yamepangwa kama ya shamba la mlimani. Yalilimwa kabla hujazaliwa, na sijaona kilimo kilichotulia kama hicho.

Mimba ikifika wiki ya 7 hivi, vinundu laini huinuka kwenye ncha za vidole vya mtoto. Hivyo ndivyo vilima. Kuanzia wiki ya 10 au 11, vinundu vikiwa vimeanza kunywea, matuta huanza kuchorwa ndani ya ngozi. Anayelima mlimani anajua kuwa tuta hufuata umbo la kilima, na hapa pia ni hivyo. Kinundu kilichojaa na kusimama wima huzaa duara. Kilichoinamia upande mmoja huzaa kitanzi, umbo tulilo nalo wengi. Kilichonywea huzaa upinde, nao ni wa nadra. Kufikia wiki ya 17 hivi, ramani imekamilika.

Kilima chenyewe ni cha kurithi kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya 23,000 ulionyesha kwamba vinasaba vinavyohusika ni vile hasa vinavyounda mikono na miguu, wala si vya ngozi. Mwaka uliofuata, watafiti wa Edinburgh walieleza namna kazi inavyokwenda, na hapo ndipo ninapostaajabu zaidi. Matuta huanzia sehemu tatu: katikati ya kinundu, chini ya ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo. Kutoka huko husambaa tuta baada ya tuta, kama mawimbi, kemikali moja ikichochea na nyingine ikizuia, hadi yakutane. Panapokutana mikondo mitatu hubaki kipembetatu kidogo. Kitafute kwenye kidole chako.

Ila tuta lipi likatike na lipi ligawanyike kama njia panda, hilo urithi hauliamui. Tofauti ndogo mno za mahali na wakati humo tumboni zinatosha kuligeuza. Ndiyo maana pacha wa yai moja huwa na maumbo yanayokaribiana, lakini mikato yao haifanani.

Jembe, saruji na sabuni huyasugua matuta haya hadi yasionekane. Mikono ikipumzika, yanarudi yaleyale, na mikato ileile, kwa kuwa mizizi yake iko chini ya ngozi inayosuguliwa.