Wimbo wa Kukataa: Umbo na Maana katika Ushairi wa Ngoma za Wasukuma

Nyimbo za Wasukuma zilizopinga amri za wakoloni husomwa mara nyingi kama ushahidi wa ukaidi: mfugaji ameshikilia ng'ombe wake, hataki jipya. Usomaji huo, kwa maoni yetu, hutazama maneno na kuliacha umbo.

Mtunzi, yaani ningi, huanzisha, na waitikiaji humpokea. Anayetafuta vina na mizani kwa kipimo cha Kaluta Amri Abedi (1954) hatavipata, na pengine atasema kwamba huu si ushairi. Lakini sheria ipo. Kisukuma ni lugha ya toni, na kupanda na kushuka kwa sauti ya neno huongoza tuni. (Ndiyo maana maneno ya Kisukuma yaliyowekwa juu ya tuni za Ulaya huweza kulikwaza sikio.) Sheria nyingine ni ya mashindano. Baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindania watazamaji, na ningi hutazamiwa kuleta nyimbo mpya. Basi hata wimbo unaokataa badiliko hauna budi kuwa mpya.

Hapo maana hugeuka. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliagiza kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, ukafungua Geita kwa watu kutoka wilaya zilizosongamana, Shinyanga ikiwamo. Amri zilikataliwa, na kukataa kukaimbwa. Mwaka 1958 watu wa Geita walikataa pia baraza la mseto wa rangi. Lakini wakulima hao hao ndio waliojenga vyama vya ushirika vya pamba, vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani. Je, hao ndio wasiotaka jipya? Walichokataa ni jipya lililoshuka kama amri, lisilongoja itikio. Umbo linasema hivyo kabla ya maneno: ningi asiyeitikiwa hana wimbo.

Si kila wimbo wa aina hii ni mzuri. Mashindano hupenda kejeli, na zipo zinazoishia katika matusi kwa mpinzani, amri ikiwa imesahauliwa.

Liturujia yetu nayo ni ya mwito na itikio. Msharika wa Geita anaponyamaza penye itikio, huku *Mwimbieni Bwana* i wazi mkononi mwake, yatupasa kuuliza ni nani aliyemwanzishia wimbo, na kwa tuni ya lugha gani.