Fanani Bila Waitikiaji: Uhakiki wa Return to Ommadawn ya Mike Oldfield

Mhakiki wa fasihi anapokabiliwa na muziki usiotegemea maneno, hushawishika kudai kwamba kazi hiyo haimhusu. Makala haya yanashikilia kinyume. Nadharia ya fasihi simulizi, inayomtazama fanani, hadhira na utendaji kwa pamoja, inatupa msingi wa kuichunguza Return to Ommadawn, santuri ya Mwingereza Mike Oldfield iliyotolewa Januari 2017, alipokuwa na umri wa miaka 63. Swali letu ni hili: je, marudio katika kazi hii ni mbinu ya kisanii, au ni dalili ya kuishiwa?

Oldfield alijipatia jina mwaka 1973 kwa Tubular Bells, ambayo alipiga sehemu kubwa ya ala zake yeye mwenyewe. Kazi hiyo huwekwa katika mkondo wa roki ya kiprogresivu, yaani roki inayouacha wimbo mfupi na kujenga tungo ndefu zenye sehemu nyingi. Mwaka 1975 ilifuata Ommadawn, ambayo jina lake hutokana na neno la Kiairishi lenye maana ya mpumbavu. Return to Ommadawn inairejelea kazi hiyo waziwazi, kwa jina na kwa umbo. Ina sehemu mbili tu, kila moja ya dakika zipatazo 21, kana kwamba msikilizaji bado anageuza santuri kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwa upande wa fani, nguvu ya kazi hii imo katika kibwagizo. Kiini cha lahani hupigwa kwa upole, kikapotea, kisha kikarejea kikiwa mikononi mwa ala nyingine: gitaa kavu, mandolini, filimbi, hatimaye gitaa la umeme. Ndivyo wimbo unavyofanya kazi katika ngano. Maneno ya wimbo wa ngano huwa yale yale, ila kila unapoimbwa mhusika amekwisha kupatwa na jambo jipya, na kwa hivyo maana yake imebadilika. Katika kiwango hiki, marudio ya Oldfield si uvivu. Ndiyo msuko wenyewe.

Wapo watakaoueleza unyonge wa lahani hizi kwa kurejelea maisha ya mtunzi. Ni kweli kwamba mamake alifariki mwaka 1975 wakati Ommadawn ikitayarishwa. Hata hivyo, msiba haumhakikishii mtunzi kazi nzuri, na anayeifanya wasifu kuwa ufunguo wa pekee huacha kusikiliza. Huzuni tunayoisikia imo katika mwendo wa polepole, katika nafasi zinazoachwa kati ya sauti, na katika namna kibwagizo kinavyokatizwa kabla ya kutimia.

Udhaifu wa kazi hii unajitokeza tunapoingia katika suala la utendaji. Ommadawn ya 1975 haikuwa kazi ya mtu mmoja. Dadake Sally aliimba, Paddy Moloney wa Ireland akapiga zumari la kwao, na kundi la Jabula, lililoongozwa na Julian Bahula, likaleta ngoma. Wanamuziki hao wa Afrika Kusini waliishi London katika enzi ya ubaguzi wa rangi nchini mwao. Kilele cha sehemu ya kwanza hutegemea ngoma zao, na gitaa la Oldfield hulazimika kuzijibu. Katika kazi ya 2017, Oldfield anapiga ala zote yeye mwenyewe. Sauti za binadamu zinasikika, lakini hakuna kundi linaloitikia kwa hiari yake.

Hoja hapa si kwamba ngoma ya Mwafrika ina uchawi wa kuuhuisha muziki wa Ulaya. Dai la aina hiyo ni dharau iliyovikwa sifa. Hoja ni ya kimuundo. Inaweza kupingwa kwamba mwandishi wa riwaya pia hufanya kazi peke yake. Naam, lakini riwaya nzuri huwapa wahusika uwezo wa kumpinga msimulizi. Katika Return to Ommadawn, wito na itikio hutoka katika mkono ule ule, na itikio huafiki mapema mno. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Hitimisho letu ni kwamba santuri hii imefaulu kama kumbukumbu, ila si kama makutano. Oldfield amerudi mahali alipopajua na kukuta lahani zake zingali hai. Waliomwitikia miaka 42 iliyotangulia hawamo. Mhakiki anayeusifu utulivu wa kazi hii hana budi kueleza pia kwamba sehemu ya utulivu huo ni ukimya wa waitikiaji.